Hasira na Mlengwa Wake: Ukanaji wa Mungu wa Kikristo katika Riwaya za Kezilahabi, Ngũgĩ na Mkufya

Ikisiri

Katika mijadala ya dini, na mara nyingine katika uhakiki wa fasihi, mtu anayeikataa imani ya Kikristo huelezwa kuwa ni mtu mwenye hasira na Mungu. Makala hii inalichunguza dai hilo kwa kusoma riwaya nne: Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) za Euphrase Kezilahabi, Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na Ziraili na Zirani (1999) ya William E. Mkufya. Tunadai kwamba hasira ni hisia yenye mlengwa, na kwamba mlengwa huyo hutofautiana kutoka matini moja hadi nyingine. Hasira kwa Mungu mwenyewe hupatikana zaidi kwa wahusika wanaoamini. Hasira ya wanaoukataa Ukristo huelekezwa kwa watu na taasisi. Na pale ambapo kutoamini kunakomaa, hasira hupoteza wa kumwendea. Kwa hiyo kumweleza asiyeamini kwa hasira peke yake ni kukosea usomaji wa matini hizi, na ni kuikwepa hoja yake.

1.0 Utangulizi

Kila Kichwamaji inaposomwa katika semina, jibu moja hujitokeza mapema: Kazimoto hamkatai Mungu, amemkasirikia tu. Jibu hili lina mvuto wake. Linaupanga msiba wa mhusika huyu katika sababu inayoeleweka kwa haraka, na linaafikiana na tunayoyajua kuhusu watu waliofiwa. Lakini lina faida nyingine ambayo haisemwi wazi. Tukishakubaliana kwamba mtu ana hasira, hatuwajibiki tena kumjibu, tunawajibika kumtuliza. Maswali yake yanageuka kuwa dalili za ugonjwa.

Dai hili si la wanasemina peke yao. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Mmarekani Paul C. Vitz alichapisha kitabu kilichodai kwamba wengi wa wakanamungu mashuhuri wa Ulaya walikuwa na baba waliokufa mapema, waliokuwa dhaifu, au waliowatendea watoto wao vibaya, na kwamba kumkataa Mungu Baba kuna uhusiano na jeraha hilo. Upande wa pili tuna mfano wa Bertrand Russell. Katika mhadhara alioutoa London mwaka 1927 kueleza kwa nini yeye si Mkristo, Russell alianza kwa kuzipima hoja za kuwapo kwa Mungu, ile ya chanzo cha kwanza na ile ya mpango wa maumbile miongoni mwake, na kuziona hazitoshi. Baadaye ndipo alipoingia katika suala la maadili na kulipinga fundisho la adhabu ya milele. Mmoja anasema kutoamini kuna historia ya moyo; mwingine anasema kuna hoja. Nani yuko sahihi kuhusu Mungu si suala la makala hii. Suala letu ni la kifasihi: matini za Kiswahili zinazomchora mtu anayeukataa Ukristo zinaiweka wapi hasira yake, na zinaielekeza kwa nani?

2.0 Mzigo wa msamiati

Kabla ya kuzifikia riwaya, inafaa kuitazama lugha yenyewe, kwa sababu Kiswahili hakimpi asiyeamini jina lisilo na upande. Jina linalotumika sana ni mkanamungu, na limejengwa juu ya kitenzi kukana. Mtu hukana kosa analoshitakiwa, hukana uraia wake, hukana mtoto aliyemzaa. Petro alimkana Yesu, na uzito wote wa kisa hicho unatokana na kwamba alimfahamu vizuri. Katika matumizi yote haya, anayekana anahusishwa na kile anachokikana. Kwa kawaida tunamshuku kwamba anajua zaidi ya anavyosema. Hakuna anayesema kwamba amemkana mtu ambaye hajapata kudhani yupo.

Tulinganishe na kukanusha, neno lenye mzizi mmoja nalo. Serikali hukanusha habari, mwanazuoni hukanusha dai. Anayekanusha anashughulika na kauli, si na mtu. Kwa mantiki hii, Russell wa sehemu ya kwanza ya mhadhara wake ni mkanushaji: anaisema kauli moja kwamba si ya kweli. Lakini tunapomwita mkanamungu, tayari tumemweka katika nafasi ya Petro uani, karibu na moto, akisubiri jogoo awike. Jina limeshaamua kwamba kuna uhusiano uliovunjwa. Na palipovunjika uhusiano, hasira hutarajiwa.

Neno imani nalo lina mzigo wake. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu asiye na imani si yule tu asiyesadiki mafundisho ya dini. Ni mtu asiye na huruma, mkatili. Maana hizi mbili hukaa katika neno moja bila kugombana, na msemaji huvuka kutoka moja kwenda nyingine bila kujitambua. Kwa hiyo mhusika anayesema kwamba hana imani anasikika kana kwamba amekiri ukali wa moyo. Tukiongeza kwamba ushairi wa Kiswahili, hasa tenzi, kwa karne kadhaa ulifunguliwa kwa kumtaja na kumhimidi Mungu, tunaelewa ni kwa nini msomaji wa miaka ya 1970 alikosa pa kumweka mhusika kama Kazimoto isipokuwa katika vyumba viwili vilivyokuwa tayari: wazimu na hasira. Jina la riwaya yenyewe linacheza na chumba cha kwanza. Kichwamaji ni mtu asiye na akili timamu, na Zaburi ya 14 humwita mpumbavu yule asemaye moyoni mwake kwamba Mungu hayupo. Kezilahabi, aliyesoma katika seminari ya Kikatoliki, bila shaka aliufahamu mwangwi huo.

3.0 Hasira ya anayeamini

Tuanze na matini ambayo Ukristo wenyewe unaikubali. Kitabu cha Ayubu kimejaa hasira kuliko vitabu vingi vya wasioamini. Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, anamtuhumu Mungu kumwonea, anataka kesi isikilizwe. Marafiki zake wanamtetea Mungu kwa hoja za kawaida: anayeteseka amekosa. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea marafiki hao na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika ghadhabu yake yote Ayubu hawazi hata mara moja kwamba huenda hakuna anayemsikia. Analalamika kwa sababu anaamini kwamba yupo wa kulalamikiwa. Kisarufi, kilele cha lalamiko lake kiko katika nafsi ya pili: wewe umenitenda haya.

Hapa ndipo Rosa Mistika inapopata nafasi yake. Jina la riwaya ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, na kejeli ya jina hilo imeshajadiliwa vya kutosha. Rosa analelewa Ukerewe na Zakaria, baba mlevi anayempiga vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali huo haumlindi. Unamnyima maarifa ya kuishi na wanaume, na anapotoka chini ya mkono wa baba anaanguka. Mwisho anajiua. Kama nadharia ya Vitz ingekuwa kanuni, Rosa angekuwa mfano wake bora: baba mkali, binti aliyejeruhiwa, kisha kumkana Baba wa mbinguni. Kezilahabi hafuati njia hiyo. Baada ya kifo anamfikisha binti na baba yake mbele ya Mungu, na hapo lawama inajadiliwa kama katika mahakama. Nani amemwua Rosa?

Tukio hili limelaumiwa na baadhi ya wasomaji kuwa ni kiambatisho kisichohitajika. Kwa hoja yetu ni la msingi. Rosa ana hasira, na hasira yake ni ya haki, lakini haimwondoi katika imani. Inampeleka mahakamani. Anayeshitaki lazima akubali kwamba hakimu yupo na kwamba anaweza kutoa haki. Kwa maana hiyo riwaya iliyowahi kupigwa marufuku shuleni kwa kuonekana inapotosha maadili ni, katika muundo wake wa ndani, riwaya ya imani iliyokasirika. Wale walioiogopa waliogopa hasira yake na wakadhani ni kufuru. Walisimama mahali pa marafiki wa Ayubu.

4.0 Hasira kwa wanaosema kwa niaba ya Mungu

Kundi la pili ni la wanaoukataa Ukristo waziwazi na ambao hasira yao haina shaka. Mfano wa karibu ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1970, akiuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alitamka kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Baadaye aliliacha jina la ubatizo, James. Sababu alizozitoa hazikuwa za kifalsafa kama zile za Russell. Zilihusu historia: kanisa lililokuja pamoja na mkoloni, lililomtaka Mwafrika aache jina na mila yake, na lililohubiri uvumilivu kwa watu walionyang'anywa ardhi.

Hasira hiyo inaonekana katika Shetani Msalabani, tafsiri ya riwaya iliyotoka kwanza kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980. Katika jinamizi la Warĩĩnga, watu waliovaa matambara wanamsulubisha Shetani. Baada ya siku tatu wanakuja wengine, waliovaa suti, wanamteremsha na kumfufua. Kisa cha Pasaka kimegeuzwa. Lakini tuangalie ni nini hasa kilichogeuzwa. Msalaba umebaki mahali pa hukumu ya haki. Anayestahili kuwa juu yake ndiye aliyebadilika, na kosa ni la wale wanaomwokoa. Ngũgĩ hamshambulii Mungu wa Biblia. Anazitumia alama za Biblia kuwashambulia matajiri wanaojificha nyuma ya alama hizo. Mlengwa wa hasira ana anwani: ni tabaka, ni taasisi, ni benki.

Tofauti hii ina uzito katika swali letu. Mtu anayeacha kanisa kwa sababu ya yaliyotendwa na kanisa ana hasira, naam. Lakini hasira hiyo si jeraha la siri lililovikwa nguo ya hoja. Ni hoja yenyewe. Inasema kwamba jambo fulani lilitendeka, kwamba lilikuwa ovu, na kwamba waliolitenda walidai kutumwa. Kauli zote tatu zinaweza kuchunguzwa. Anayejibu kwamba Ngũgĩ alikuwa na uchungu tu hajajibu hata moja kati ya hizo. Wakati huohuo, haki inatutaka tukiri kwamba kauli hizo, hata zikithibitishwa zote, hazithibitishi kwamba Mungu hayupo. Zinathibitisha kwamba wasemaji wake hawaaminiki. Kutoka hapo hadi kutoamini kuna hatua nyingine, na hatua hiyo hasira haiwezi kuivuka peke yake.

5.0 Kazimoto: hasira inapokwisha

Sasa tuirudie Kichwamaji. Kuna hasira nyingi katika riwaya hii, na mlengwa wake anajulikana. Manase, kijana aliyesoma pamoja na Kazimoto, alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, na msiba huo unaiporomosha familia. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada yake Manase. Kwa sehemu kubwa ya riwaya kisasi hicho ndicho kinachousukuma msuko.

Lakini kisasi hakitimizwi. Kazimoto anampenda Sabina na kumwoa. Hasira iliyokuwa na mlengwa wa kibinadamu inayeyuka ndani ya ndoa. Kama kutoamini kwa Kazimoto kungekuwa tunda la hasira hiyo, tungetarajia kulegee inapolegea. Halilegei. Maswali yake kuhusu Mungu, kuhusu maana ya kuishi na kuhusu kilichopo baada ya kifo yanaendelea baada ya Sabina kuwa mkewe, na yanakuwa mazito zaidi. Mtoto wao anapozaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kama alivyozaliwa mtoto wa Manase, Kazimoto hana tena wa kumlipiza. Manase, aliyekuwa adui, ameshiriki msiba uleule. Ugonjwa umepita katika nyumba zote mbili bila kuuliza nani alianza kumkosea mwenzake.

Hapa Kezilahabi amefanya jambo ambalo usomaji wa hasira hauwezi kulieleza. Amekitenganisha kisasi na ukanaji, akakimaliza cha kwanza na kuuacha wa pili usimame wenyewe. Anachokutana nacho Kazimoto mwishoni si Mungu aliyemwonea. Ni mfululizo wa sababu na matokeo usiojali stahili. Rosa angeweza kuuliza kwa nini umenitenda hivi. Kazimoto hana umenitenda. Maswali yake yamo katika tafakuri na katika mazungumzo na watu wengine, na Mungu humo kwa kiasi kikubwa ni wa nafsi ya tatu: mtu anayezungumziwa, si anayezungumzishwa. Tofauti hii ya viambishi inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayozitenga riwaya mbili za mwandishi mmoja zilizopishana kwa miaka 3 tu. Rosa anajiua na kufika mahakamani. Kazimoto anajiua na riwaya haimfikishi popote.

Wahakiki wamezoea kulitumia neno udhanaishi hapa, na ni sahihi. Tunaongeza tu kwamba udhanaishi wa Kichwamaji hauanzi na mihemko. Unaanza pale mihemko inapokosa mlengwa. Kukata tamaa kwa Kazimoto ni kile kinachobaki hasira ikishaondolewa, na ndiyo maana kunatisha zaidi. Mwenye hasira bado anategemea kitu: fidia, radhi, adhabu kwa mkosaji. Tunapomwita Kazimoto mwenye hasira tunamrudishia kwa hila tumaini ambalo riwaya imemnyang'anya.

6.0 Pingamizi: asiyeamini anapofika Ahera

Msomaji makini anaweza kutupinga kwa Ziraili na Zirani. Humo Fikirini, msomi asiyeamini, hatoweki baada ya kifo. Anaingizwa katika ulimwengu wa malaika na mashetani, katika vita kati ya mbingu na kuzimu. Asiyeamini wa Mkufya ana ghadhabu, tena ghadhabu ya kijeshi. Je, hili halithibitishi kwamba chini ya kila ukanaji umelala uasi?

Tunaona linathibitisha kinyume chake. Ili kumpa Fikirini vita, ilimlazimu Mkufya ampe kwanza adui. Alipomweka katika ulimwengu ambamo mbingu ipo na ina majeshi, alimwondoa katika hali ya kutoamini. Hakuna awezaye kutilia shaka kuwapo kwa jeshi linalomshambulia. Tangu hapo Fikirini si mkanushaji tena, ni muasi. Albert Camus, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu uasi, alikwishaeleza kwamba anayeasi dhidi ya mpango wa ulimwengu si lazima awe mtu asiyeamini Mungu. Mara nyingi ni mwenye kukufuru. Ivan wa Dostoyevsky, katika riwaya ya mwaka 1880, ni wa kundi hilo: hasemi kwamba Mungu hayupo, anasema kwamba ulimwengu unaonunuliwa kwa machozi ya watoto haukubali. Yu karibu zaidi na Ayubu kuliko alivyo karibu na Kazimoto.

Pingamizi hili, hata hivyo, linatufunza jambo kuhusu fasihi. Tamthilia na riwaya hustawi penye mgogoro, na mgogoro hudai pande mbili. Kutoamini kukiwa ni kutokuwapo kwa upande mmoja, mwandishi hana njia nyepesi ya kukuonyesha kwa vitendo. Anamkopesha asiyeamini Mungu wa kupigana naye. Msomaji, akiwa amemwona mhusika akipigana, anahitimisha kwamba wasioamini wote wanapigana. Huenda sehemu ya dhana yetu kwamba asiyeamini ana hasira imetokana na mahitaji ya utanzu, wala si na tabia ya watu.

Ni jambo la maana pia kwamba Kezilahabi mwenyewe, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliuacha msuko wa kawaida alipoyarudia maswali haya. Katika Mzingile kuna safari ya kumwendea mzee ambaye wahakiki wengi wamemsoma kuwa ni sura ya Mungu. Sauti ya riwaya hizo si ya kushitaki. Ni ya mtu anayetafuta huku akijua kwamba huenda atakachokiona hakifanani na alichofundishwa.

7.0 Hitimisho

Swali la iwapo hasira inahusika katika kuukataa Ukristo halina jibu moja, na riwaya tulizozisoma zinaonyesha ni kwa nini. Ipo hasira kwa Mungu, na hiyo ni ya anayeamini. Ayubu na Rosa ni mashahidi. Ipo hasira kwa wanaosema kwa jina la Mungu, na hiyo ni shitaka linalostahili kujibiwa kwa ushahidi, kama lile la Ngũgĩ. Ipo hali ya Kazimoto, ambamo hasira imekwisha na swali limebaki.

Mkanganyo wa hali hizi tatu unamdhuru kila msomaji. Mhubiri anayemwona kila asiyeamini kuwa ni mtu aliyeumizwa atampelekea faraja aliyeleta hoja, na huenda akamfukuza kwa jina la kufuru yule ambaye hasira yake ndiyo kamba ya mwisho inayomfunga na Mungu. Asiyeamini naye, akijivunia kwamba kwake kuna akili tupu bila hisia, anaitupa silaha nzuri ya Ngũgĩ: kwamba kuna maovu ambayo mtu timamu hawezi kuyatazama bila kughadhibika. Kwa mhakiki, kazi ni ndogo zaidi na inaweza kufanyika. Kabla ya kumtangaza mhusika kuwa ana hasira na Mungu, atafute katika matini ni nani anayeambiwa. Akiikuta nafsi ya pili, huenda amekutana na sala. Akikosa anayeambiwa, asimtungie.